Mkono wa roboti, jukwaa la miguu sita au mashine ya kuvuta: uchague ipi kupimia viungo vya mwili?

Mwezi uliopita dada mmoja anayeandaa maombi ya fedha kwa ajili ya maabara ya utafiti wa mifupa chuoni kwake aliniandikia hivi: "Shikamoo kaka. Nimeambiwa nichague mashine moja tu. Madaktari wanataka roboti, wameiona kwenye makongamano. Mhasibu anataka ya bei ndogo. Ungekuwa wewe ungechukua ipi?" Tuliongea kwenye simu karibu saa nzima, na baada ya kuagana nikaona mengi nimeyasema harakaharaka. Nayaandika hapa kwa utulivu, maana najua hayuko peke yake.

Mimi ni mhandisi wa roboti. Watu wakisikia roboti na mifupa kwa pamoja hudhani natengeneza zile zinazomsaidia daktari chumba cha upasuaji. Kazi yangu ni nyingine. Nashughulika na roboti inayoshika goti, bega au kipande cha uti wa mgongo wa mtu aliyeridhia, angali hai, kwamba mwili wake utumike kufundishia na kutafitia. Roboti inakisogeza kiungo hicho taratibu huku ikipima kila nguvu kinayoijibu. Kwa njia hiyo tunajua kano fulani inabeba mzigo kiasi gani, na kama goti lililokarabatiwa limetulia au bado linacheza.

Mashine zinazoshindana ni tatu. Kuna mkono wa roboti wa kiwandani, wenye viungo sita vinavyofuatana mfano wa bega, kiwiko na kiganja. Kuna jukwaa linalobebwa na miguu sita inayorefuka na kufupika, ambalo wengi huliita heksapodi. Na kuna mashine ya kuvuta na kukandamiza, ile ambayo kila maabara ya uhandisi inaifahamu kwa kifupi cha UTM.

Kabla ya mashine, kiangalie kiungo

Goti si bawaba. Unapolikunja, mfupa wa paja unabingirika na kuteleza juu ya muundi kwa wakati mmoja, na unapolinyoosha mpaka mwisho, muundi unajigeuza kidogo kuelekea nje. Ukihesabu, kuna njia sita ambazo mfupa mmoja unaweza kusogea ukilinganisha na mwenzake: mbele na nyuma, kulia na kushoto, juu na chini, halafu mizunguko mitatu. Mwaka 1983 Edward Grood na Wilfredo Suntay walichapisha mfumo wa mihimili ya goti ili daktari na mhandisi wautaje mwendo uleule kwa maneno yaleyale. Programu tunazotumia leo bado zimejengwa juu ya mfumo huo.

Sasa jiulize: je, njia ambayo kiungo kitapita unaijua tayari, au ndiyo unayoitafuta? Kama unaijua, mashine ya kuvuta tu inaweza kukutosha. Kama huijui, unahitaji mashine inayoweza kukiacha kiungo kijichagulie. Unakunja goti nyuzi 30, kisha unaiamuru mashine itafute, kwenye njia nyingine tano, mahali ambapo nguvu zote zimeshuka karibu na sifuri. Inapapasa kama mtu anayefungua kufuli kuukuu gizani, bila kulazimisha, mpaka inapapata.

Swali la pili ni la ukakamavu. Mashine ikisukumwa na kiungo, yenyewe inarudi nyuma kiasi gani? Hili wanunuzi wengi hawaliulizi, na muuzaji hana sababu ya kulitaja. Mimi nililijua nikiwa nimekwisha kupoteza kitu kisichorudi, kama nitakavyoeleza.

Mkono wa roboti

Sifa kubwa ya mkono ni kwamba unafika. Unalipeleka goti kutoka kunyooka kabisa mpaka kukunjwa nyuzi 120 bila kukwama, na bega unalizungusha karibu kote linakoweza kwenda. Kwa kuwa unatengenezwa kwa wingi kwa ajili ya viwanda vya magari, vipuri vyake vinapatikana, vitabu vyake vipo, na fundi aliyewahi kuugusa hakosekani hata katika nchi yenye viwanda vichache.

Mwaka 1993 Hiromichi Fujie, Savio Woo wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh na wenzao walichapisha namna ya kuutumia mkono wa aina hii kuchunguza viungo vya binadamu. Wazo lao bado linanifurahisha kila ninapolieleza. Unafunga kihisi kinachosoma nguvu tatu na momenti tatu, yaani nguvu za kuzungusha, kwa pamoja. Unalipitisha goti kwenye njia yake na kuweka kumbukumbu ya kila hatua. Unakata kano moja, tuseme kano ya mbele ya msalaba, ile ambayo mashabiki wa mpira wanaijua kwa jina la ACL. Unalirudisha goti kwenye njia ileile, hatua kwa hatua. Nguvu zilizopungua ndizo kano ile ilizokuwa imebeba. Hukupachika kifaa chochote ndani ya kano wala hukuigusa kabla ya kuikata. Na goti lilelile linatumika likiwa zima, likiwa limekatwa, na likiwa limepandikizwa kano mpya, kwa hiyo hulinganishi goti la mzee huyu na la kijana yule.

Lakini ujanja wote umesimama juu ya neno moja: ileile. Hapo ndipo mkono una udhaifu wake.

Katalogi ya mkono mkubwa wa kisasa itakuambia kwamba unarudi palepale kwa tofauti ya milimita 0.06. Ni kweli, ila kipimo hicho huchukuliwa mzigo ukiwa haubadiliki. Mkono una viungo sita vilivyofuatana, kila kimoja na gia yake, na kila gia inalegea kidogo. Ulegevu huo unajumlishana hadi kwenye ncha. Mikono ya viwandani kwa kawaida ina ukakamavu usiofika nyutoni 1 (nyutoni ni kipimo cha nguvu) kwa kila mikromita, yaani sehemu ya elfu ya milimita, wakati mashine ya kukatia chuma inavuka nyutoni 50. Piga hesabu: ukisukuma kwa nyutoni 1000, ncha ya mkono inarudi nyuma milimita moja au zaidi. Kompyuta ya roboti haitakuambia, kwa sababu inasoma mzunguko wa mota. Haioni ncha iko wapi.

Niliwahi kulishuhudia hili kwa macho. Tulikuwa na pingili mbili za kiuno pamoja na diski iliyo kati yake. Sampuli hufika kwetu zikiwa zimeganda, zimehifadhiwa nyuzi 20 chini ya sifuri. Jioni unaitoa iyeyuke polepole, asubuhi unasafisha ncha za mfupa, unapiga skrubu chache ili zishike, unasimamisha kila ncha ndani ya kikombe cha alumini na kumimina simenti ya resini. Simenti inapokauka inatoa joto na harufu inayoganda kwenye koti hadi kesho yake. Muda wote huo diski inazungushiwa shashi iliyoloweshwa maji ya chumvi, maana ikikauka inakuwa kitu kingine. Ni kazi ya siku nzima kabla roboti haijasogea hata kidogo.

Tulipima, tukakata viungo vidogo vya nyuma ya pingili, tukapima tena. Grafu zilikuwa nzuri. Ndipo fundi mkuu wetu, mtu mzima asiyesema sana, akachukua saa ya kupimia, ile ya mafundi wa karakana yenye mshale unaosoma sehemu ya mia ya milimita, akaiegemeza kwenye ncha ya mkono na kuomba turudie mgandamizo wa nyutoni 1000. Skrini iliandika kwamba ncha haijatoka mahali pake. Mshale wa saa ulizunguka karibu raundi nzima. Hakuna aliyesema neno. Diski ya kiuno nayo ina ukakamavu unaokaribiana na huo wa mkono, kwa hiyo kila milimita tuliyoagiza, sehemu kubwa ilikuwa imemezwa na roboti yenyewe. Viungo vilikuwa vimeshakatwa, na mtu yule hakuwa na mgongo mwingine wa kutupatia. Nilijisikia vibaya kwa wiki kadhaa, na tangu hapo swali la ukakamavu ndilo la kwanza kinywani mwangu.

Hii haina maana kwamba mkono haufai. Vipimo vya ulegevu wa goti kwenye utafiti wa ACL mara nyingi hutumia nyutoni 134 kuuvuta muundi mbele. Kwa mzigo huo mkono unarudi nyuma takriban milimita 0.13 au zaidi kidogo, na goti lenyewe linasogea milimita kadhaa. Kosa hilo linavumilika, na ukilijua unaweza hata kulitoa kwenye hesabu. Kwa kano za goti, kifundo cha mguu na bega, sioni mashine inayoushinda mkono.

Mizigo ya uzito wa mwili ni habari nyingine. Watafiti wa hospitali ya Charité, Berlin, waliwawekea wagonjwa magoti bandia yenye vihisi ndani yake, na matokeo waliyochapisha mwaka 2010 ni ya kutafakari sana: kutembea kawaida, mzigo wa goti unapofika kileleni huwa kwa wastani asilimia 261 ya uzito wa mwili, kushuka ngazi asilimia 346. Kwa mtu wa kilo 70 hizo ni karibu nyutoni 1,790 na nyutoni 2,380. Mkono wa kubeba kilo 16 hauna lake hapo. Unahitaji wa kubeba kilo 200 au 300, ambao unataka chumba chake, msingi wa zege na uzio, kwa sababu ukikugonga hauombi radhi.

Na ile mikono myepesi ya kufanya kazi bega kwa bega na watu, ambayo vijana wengi wanaipenda? Naipenda pia kwa kufundishia. Ila UR10e, kwa mfano, imeandikwa kubeba kilo 12.5, yaani takriban nyutoni 123. Haifiki hata zile 134 za kipimo cha kawaida cha ACL. Kwa vidole na kiganja, sawa. Kwa goti la mtu mzima utaichosha bure.

Dawa ya ulegevu ipo, nayo ni kuacha kumuuliza roboti mifupa iko wapi. Unafunga alama ndogo kwenye kila mfupa na kuweka kamera za kupima zinazozifuata alama hizo. Ukiongoza kwa nguvu, yaani ukimwagiza roboti "sukuma mpaka kihisi kisome nyutoni 134", ulegevu haukudhuru kwa upande wa nguvu, na kamera zinakupa upande wa mwendo. Weka bei ya kamera kwenye bajeti tangu mwanzo. Kuziongeza baadaye kunakuwa ombi jipya la fedha, na ombi jipya linachukua mwaka.

Jukwaa la miguu sita

Jukwaa hili halikuzaliwa kwa ajili ya mifupa. Eric Gough alilijenga miaka ya 1950 katika kiwanda cha Dunlop huko Birmingham, Uingereza, ili kupimia matairi. Mwaka 1965 D. Stewart akachapisha pendekezo la jukwaa la namna hiyo kwa vifaa vya kufundishia marubani, na jina lake ndilo lililoshika. Tairi na diski ya uti wa mgongo vinafanana kuliko mtu anavyodhani: vyote ni vitu vigumu lakini vyenye kubonyea, vinavyobeba mzigo mkubwa huku vikipinda na kusokotwa kwa wakati mmoja.

Nguvu ya jukwaa iko kwenye mpangilio wake. Miguu yote sita inasimama sambamba na kugawana mzigo, wala hakuna mguu unaobebwa na mwingine. Ulegevu haujumlishani kama kwenye mkono. Ndiyo maana kwa uti wa mgongo ningechukua jukwaa bila kusita. Chuo Kikuu cha Flinders kule Adelaide, Australia, kilijenga heksapodi yake kwa kazi hii ya uti wa mgongo na viungo vingine. Wanaopima kiuno mara nyingi hupinda kwa momenti ya takriban nyutoni-mita 7.5 kila upande, na wengi huongeza mgandamizo wa kuiga uzito wa kiwiliwili. Mgandamizo huo ndio unaouangusha mkono, na jukwaa linaupokea bila kutikisika.

Udhaifu wake ni nafasi. Jukwaa linainama nyuzi kadhaa tu kila upande kabla miguu haijagongana au kufika mwisho wake, na ukiliinamisha sana, nafasi ya kuteleza nayo inapungua. Goti la kukunjwa nyuzi 120 halikai hapo hivihivi. Watu hutafuta njia ya kuzunguka tatizo: wanaukunja mfupa wa paja kwa kifaa cha pembeni na kuliachia jukwaa mizunguko midogo, au wanatumia jukwaa la aina ya Rotopod, ambalo lina uwezo wa kuzunguka sana kwenye mhimili mmoja. Kliniki ya Cleveland, Marekani, ilitumia Rotopod kupima magoti ya mradi wa Open Knee(s), ambao data zake ziko wazi kwa yeyote. Hata kama hutanunua mashine yoyote mwaka huu, nenda kazipakue uanze kujifunzia.

Jambo jingine linaloniogofya kuhusu jukwaa si la kihandisi. Majukwaa makubwa ya maabara mengi hujengwa kwa oda, au na mwanafunzi wa uzamivu mwenye kipaji. Mwanafunzi akihitimu akaenda zake, jukwaa linabaki yatima. Kama unalichukua, andika kwenye mkataba kwamba programu yote ya kidhibiti inakuja pamoja na mashine, ikiwa inasomeka na kufafanuliwa, na kwamba watu wako wawili, si mmoja, watafundishwa.

Mashine ya kuvuta na kukandamiza

Hii haina mvuto wa kupigwa picha. Ina nguzo mbili, kichwa kinachopanda na kushuka, na labda uwezo wa kusokota. Ukiifungia goti, italisukuma kwenye mstari wake yenyewe iwe goti linapenda au halipendi, na nguvu utakazosoma zitakuwa zimechanganyika na ubishi kati ya mashine na kiungo. Wengine huweka meza inayoteleza chini yake ili kiungo kipate pa kukimbilia. Inasaidia, ila haifikii njia sita.

Pamoja na hayo, sehemu kubwa ya maswali ya mifupa ni ya mstari mmoja. Skrubu inang'oka kwa nguvu gani? Sahani ya chuma ya kuungia mfupa inapinda lini? Kano inakatika kwa mzigo upi? Savio Woo na wenzake waliwahi kuvuta kano za mbele za msalaba mpaka zikakatika, wakachapisha mwaka 1991 kwamba za vijana zilihimili kwa wastani nyutoni 2160 na za wazee nyutoni 658. Usijaribu hilo kwenye mkono wa roboti. Kano inapokatika ghafla, nguvu yote iliyokuwa imejibana ndani ya gia inaachiwa kwa mara moja, na ni kihisi chako cha bei kubwa kinachoipokea.

Halafu kuna uchovu wa chuma, yaani kuvunjika kwa sababu ya mzigo unaorudiwa mara nyingi. Kiwango cha ISO 10328 cha miguu bandia kinadai mizunguko milioni 3. Kwa mzunguko mmoja kila sekunde, hizo ni siku 35 mfululizo, usiku na mchana. Mashine ya kuvuta imezaliwa kwa kazi hiyo, wakati gia za mkono zingelia. Nikifikiria Moshi, ambako chuo cha TATCOT kimekuwa kikifundisha wataalamu wa viungo bandia tangu mwaka 1981, naona maswali mengi ambayo mashine hii peke yake ingeyajibu: plastiki ya mguu bandia inayokaa juani kila siku inachoka mapema kiasi gani? Kiungio kilichofungwa kwa boliti ya duka la kawaida kinafikisha mizunguko mingapi?

Na nikifikiria wodi za mifupa za Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, zilizojaa vijana waliovunjika mapaja kwenye bodaboda, nafikiria msumari wa SIGN. Ulibuniwa ili daktari aweze kuuingiza ndani ya mfupa na kuufunga kwa skrubu hata pale ambapo chumba cha upasuaji hakina mashine ya eksirei ya kuonyesha moja kwa moja, nao umetumika kwa miaka mingi Muhimbili na kwingineko katika kanda yetu. Skrubu ngapi zinatosha? Mgonjwa akikanyagia mguu mapema kwa sababu lazima arudi kazini, msumari unavumilia mpaka lini? Maswali haya yana kiwango chake cha kupimia, ASTM F1264, kinachoeleza kupinda na kusokota kwa misumari ya mifupa, na hakidai roboti. Yanadai mashine ya kuvuta, vishikio vilivyochongwa vizuri, na mifupa ya sintetiki kama huna kibali cha sampuli za binadamu.

Kama shida yako ni kulika kwa goti bandia, usinunue hata moja kati ya hizi tatu. Hiyo ina mashine zake maalumu zinazofuata ISO 14243, mizunguko milioni 5 ndani ya maji ya damu ya ndama, karibu siku 58 bila kusimama.

Mambo ambayo katalogi haiyasemi

Kasi. Mkono wa kiwandani unapokea maagizo mapya kutoka kwa kompyuta yako ya nje kila baada ya milisekunde kadhaa; 4 kwa vidhibiti vingi vya sasa, 12 kwa baadhi ya vile vya zamani. Ukigusa kitu kigumu, milisekunde 12 ni nyingi: nguvu inaruka kabla hujaijibu, roboti inaanza kutetemeka kama gari lililo kwenye gia isiyofaa. Kwa hiyo wengi wetu tunapima polepole, na hatua moja ya kutembea inayochukua sekunde moja barabarani inatuchukua dakika nzima maabara. Mtu akikuahidi kuiga kutembea kwa kasi halisi kwa mkono wa kawaida, mwombe akuonyeshe, tena kwenye kiungo kizito.

Kihisi. Kikubwa hakisomi vidogo vizuri, na kidogo kinaharibika ukikizidishia. Hakuna kimoja kinachofaa kidole na nyonga. Ukishajua kiungo chako utajua na kihisi chako, na bei yake itakushtua: usishangae ikikaribia ya mkono uliokwisha kutumika kiwandani.

Umeme. Mashine ya kuvuta ya haidroliki inataka umeme wa njia tatu, pampu, mafuta na ubaridi. Mkono na jukwaa la mota hula kidogo zaidi, lakini umeme ukikatika katikati ya njia, breki zinashika na kiungo kinabaki kimebanwa pale kilipo. Betri ya kuipa kompyuta na kidhibiti dakika 10 za kujiondoa salama si anasa.

Watu. Kwa mashine ya kuvuta, fundi mmoja makini anatosha baada ya mafunzo ya wiki chache. Kwa mkono au jukwaa unahitaji mhandisi anayeishi nayo, anayeandika programu, anayejua mihimili ya Grood na Suntay kama anavyojua njia ya kwao, na anayelipwa vya kutosha asiondoke. Nimeona mikono mizuri iliyofunikwa turubai kwa sababu tu mshahara huo haukuandikwa kwenye bajeti.

Nilichomjibu

Nilimuuliza kwanza madaktari wake wanahangaika na nini. Akasema wengi wanaokuja ni wa mifupa mirefu iliyovunjika, na daktari mmoja kijana anataka kuchunguza ACL za wachezaji. Nikamwambia: mdogo wangu, nunua mashine ya kuvuta na kusokota iliyo imara, yenye uwezo wa kupima uchovu, na uianzishe kwa misumari na sahani. Itafanya kazi tangu mwezi wa kwanza, na makala za kwanza zitakupa jina la kuombea fedha nyingine. Huyo kijana wa ACL aanze kwa data za wazi na magoti ya nguruwe, ajifunze kuandika programu. Ombi la pili liwe la mkono wa kubeba kilo 200 au zaidi, pamoja na kihisi, kamera na mshahara wa mhandisi kwa miaka mitatu, vyote ndani ya karatasi moja. Angekuwa na madaktari wa uti wa mgongo, ningemwambia aende moja kwa moja kwenye jukwaa hata kama ni la kungojea.

Aliniuliza atajuaje kama mashine anayoonyeshwa ni kakamavu kweli. Nikamwambia awe na saa ya kupimia kwenye mkoba siku atakayokwenda kwa muuzaji. Aombe wafunge kipande cha chuma kigumu mahali pa kiungo, kile ambacho chenyewe hakitabonyea kwa mizigo hii. Aegemeze kidole cha saa kwenye ncha ya mashine, lakini kitako cha saa kisimame kwenye meza isiyogusana na mashine. Waanze na nyutoni 100, waende 500, waende 1000, na kila hatua aandike namba mbili: ile ya skrini na ile ya mshale. Kama kazi yake ya kwanza ni ya nyutoni 1000, tofauti ya namba hizo mbili pale kwenye 1000 ndiyo ailinganishe na mwendo mdogo kabisa anaotaka kuupima.